Kugawa Faili Kubwa za PDF kwa Ukaguzi wa Mawakili: Dalili, Vyanzo na Tiba

Tangu Idara ya Mahakama ilipoanzisha uwasilishaji wa kesi kwa njia ya mtandao jijini Nairobi mnamo Julai 1, 2020, nyaraka zilizokuwa zikifikishwa masijala ya mahakama ya Milimani ndani ya katoni sasa huzunguka zikiwa kitita, yaani faili moja ya PDF yenye mamia ya kurasa. Faili hiyo ndiyo wakili mwandamizi anayomkabidhi karani au wakili mwanafunzi akitaka igawanywe: hati ya madai peke yake, kila taarifa ya shahidi peke yake, mikataba kando, barua kando na taarifa za benki kando, ili mawakili kadhaa waweze kuzipitia kwa wakati mmoja. Kazi hii huonekana nyepesi mpaka kipande cha kwanza kinapokuwa kizito kuliko ilivyotarajiwa, au mpaka wakili anapouliza ukurasa wa sahihi umekwenda wapi.

Matatizo kadhaa yaliyoelezwa hapa yana shina moja. Ukurasa wa PDF haubebi vitu vyake vyote wenyewe. Fonti, picha, vipimo vya karatasi, mwelekeo wa ukurasa, alamisho (viungo vinavyompeleka msomaji kwenye ukurasa fulani) na viambatisho vinaweza kuhifadhiwa mara moja tu mahali pengine ndani ya faili, na kurasa zikawa zinaelekeza huko. Kwa hiyo, unapotoa kurasa 40 kutoka katika faili yenye kurasa 640, programu hulazimika kuamua ni vitu gani viende nazo na ni vipi viachwe. Programu inayochukua kupita kiasi huzaa vipande vizito vyenye siri zisizowahusu wapokeaji, na inayochukua pungufu huzaa kurasa zilizolala ubavu au zenye maandishi yasiyosomeka.

Kabla ya kutafuta tiba ya dalili yoyote, weka nakala ya faili asili katika folda ambayo hakuna anayeruhusiwa kuandika ndani yake, kisha uandike idadi ya kurasa zake na alama yake ya SHA-256, yaani mfuatano wa herufi na tarakimu unaokokotolewa kutokana na faili na kubadilika faili ikibadilika hata kidogo. Katika Windows, alama hiyo hupatikana kwa kuandika `certutil -hashfile kitita.pdf SHA256` kwenye dirisha la amri. Katika Linux, `sha256sum kitita.pdf` inatosha. Hatua hii huchukua dakika moja, na bila hiyo hakuna namna ya kuthibitisha baadaye kwamba vipande vilitoka katika faili ile ile iliyopokelewa.

Dalili: waraka mmoja umekatwa katikati, au nyaraka mbili zimo ndani ya kipande kimoja

Hili ndilo kosa lenye madhara makubwa zaidi kwa kazi ya wakili, na ndilo lisilotoa onyo lolote. Kompyuta haioni hitilafu, faili inafunguka vizuri, kurasa ni safi, lakini mkataba wa mauzo ya shamba umeishia kwenye kifungu cha 9, na ukurasa wenye sahihi pamoja na muhuri wa wakili aliyeshuhudia umeangukia mwanzoni mwa kipande kinachofuata, ambacho amepewa mtu mwingine. Wakili wa kwanza ataandika katika maoni yake kwamba mkataba haukutiwa sahihi, na wa pili atauona ukurasa wa sahihi usio na mkataba na kuupuuza.

Mara nyingi chanzo ni kugawa kwa kipimo kisichohusiana na maudhui. Programu nyingi, ikiwamo PDFsam Basic ambayo haina malipo, hutoa njia kadhaa za kugawa: kila baada ya idadi fulani ya kurasa, kwa uzito wa faili, au kwa alamisho. Njia mbili za kwanza zinafaa kwa kusafirisha faili tu. Wakili anayetaka kusoma anahitaji mipaka inayofuata nyaraka zenyewe. Iwapo kitita kimeandaliwa vyema na kina alamisho kwa kila waraka, gawa kwa alamisho, lakini kwanza zipitie zote, kwa sababu aliyeziweka huenda alizielekeza kwenye ukurasa wa kichwa cha habari wala si kwenye jalada la waraka, na hivyo jalada likabaki mkiani mwa kipande kilichotangulia. Angalia pia ngazi ya alamisho unayoichagua. Ukichagua ngazi ya pili kwa bahati mbaya, hati ya kiapo yenye vielelezo 12 itatawanyika kuwa vipande 13, na kila kielelezo kitakuwa yatima bila kiapo kinachokitaja.

Pale ambapo hakuna alamisho, njia ya kuaminika ni kupitia kitita chote kwa macho, kurasa zikionyeshwa kwa udogo, huku ukijaza jedwali lenye safu tatu: ukurasa wa kuanzia, ukurasa wa kuishia, na jina la waraka. Ziko programu zinazokata kila zinapokutana na ukurasa mtupu. Sishauri zitumike kwa nyaraka za kesi. Mgongo mtupu wa hatimiliki iliyoskaniwa pande mbili unafanana kabisa na karatasi ya kutenganisha, na programu itaukata waraka hapo. Kama afisi yenyewe ndiyo inayoskani, afadhali itumie karatasi za kutenganisha zenye msimbopau, kwa kuwa hizo haziwezi kuchanganywa na chochote kilichomo ndani ya nyaraka.

Jedwali likishakamilika, lihakiki kwa hesabu. Kila mstari una kurasa sawa na ukurasa wa kuishia ukitoa ukurasa wa kuanzia, ukaongeza moja. Jumla ya mistari yote lazima ilingane na idadi ya kurasa za faili asili, na kila mstari lazima uanze pale uliotangulia ulipoishia, mbele kwa ukurasa mmoja. Jumla ikipungua, kuna kurasa zilizorukwa. Ikizidi, kuna kurasa zilizohesabiwa mara mbili. Usianze kugawa mpaka hesabu hii itulie.

Dalili: umeomba ukurasa wa 212, umepata mwingine

Kitita cha nyaraka huwa na namba za aina tatu, na karani asipozitofautisha atakata mahali pasipofaa kuanzia mwanzo hadi mwisho. Kuna namba iliyopigwa muhuri au kuchapishwa kwenye karatasi yenyewe, ambayo ndiyo wakili na jaji wanayoitaja. Kuna namba ya mfuatano, yaani ukurasa huo ni wa ngapi ukihesabu kutoka mwanzo wa faili. Halafu kuna lebo ya ukurasa, ambayo imeandikwa ndani ya PDF na huonyeshwa na programu za kusomea kwenye kisanduku cha namba, nayo inaweza kuwa ya Kirumi, ya kawaida au yenye herufi mbele.

Tuchukue mfano wa kitita chenye jalada na orodha ya nyaraka zinazochukua kurasa sita zenye namba za Kirumi, i hadi vi. Ukurasa ulioandikwa 1 kwa hiyo ni wa 7 katika mfuatano, na karani makini ataongeza sita kwa kila namba aliyopewa. Hata hivyo, baada ya ukurasa wa 57, mtu aliongeza karatasi mbili zilizosahauliwa na kuziandika 57A na 57B badala ya kupanga namba upya. Kuanzia hapo tofauti si sita tena bali nane. Ukurasa ulioandikwa 212 uko nafasi ya 220. Karani aliyeongeza sita tu atafungua nafasi ya 218 na kukuta ukurasa ulioandikwa 210. Kosa la kurasa mbili ni dogo vya kutosha kutoonekana mara moja, nalo linatosha kuupoteza ukurasa wa sahihi.

Tiba ni kuandika namba za mfuatano katika jedwali lako, kwa kuwa hizo ndizo programu nyingi za kugawa zinazozifuata, na kuweka namba zilizochapishwa katika safu ya pembeni kwa faida ya wakili. Pima tofauti kati ya namba hizo mbili katika sehemu kadhaa za kitita, hasa mwanzo wa kila waraka, badala ya kuipima mara moja na kuamini kwamba itadumu.

Iwapo kitita hakina namba zilizochapishwa kabisa, ziweke kabla ya kugawa, kwenye nakala ya kazi wala si kwenye faili asili. Ukigawa kwanza, kila kipande kitaanza na ukurasa wa 1, na mawakili wanne watakapokutana kulinganisha maoni, kila mmoja atakuwa na "ukurasa wa 3" wake. Namba zenye herufi za mbele zinazotambulisha kesi na zisizojirudia katika kitita chote, ambazo katika uwanja wa sheria huitwa namba za Bates, huondoa mkanganyiko huo kabisa.

Dalili: kila kipande kina uzito unaokaribia wa faili nzima

Unagawa faili ya MB 300 kuwa vipande 40, ukitarajia kila kimoja kiwe na wastani wa MB saba au nane, halafu folda nzima inakuwa na gigabaiti 11. Diski haina hitilafu. Kilichotokea ni kwamba programu iliyounda faili asili, pengine ile iliyounganisha nyaraka, iliweka orodha moja ya picha na fonti kwa ajili ya kurasa zote, na kila ukurasa unaelekeza kwenye orodha hiyo nzima hata kama unatumia picha moja tu. Programu ya kugawa, ikiogopa kuharibu ukurasa, imebeba orodha yote na kila kilichotajwa ndani yake.

Uzito ni usumbufu, lakini shida iliyo nzito kuliko uzito wenyewe ni usiri. Kipande chenye kurasa tano za barua, ukikituma kwa upande wa pili wa kesi kikiwa katika hali hii, kimebeba ndani yake picha za kurasa zote nyingine, zikiwamo zile zilizoondolewa kwa makusudi kwa sababu ni mawasiliano kati ya wakili na mteja wake, ambayo kifungu cha 134 cha Sheria ya Ushahidi, Sura ya 80, kinayalinda. Hazionekani kwenye skrini, ila mtu akiendesha amri ya `mutool extract`, ambayo huchopoa picha na fonti zilizomo ndani ya PDF, kwenye kipande hicho, zitamwagika zote ndani ya folda yake. Kwa sababu hiyo, kipande kizito kuliko idadi ya kurasa zake kisitoke nje ya afisi mpaka chanzo cha uzito kijulikane.

Programu ya qpdf ina chaguo la kuchunguza kila ukurasa unatumia nini hasa na kuacha mengine. Amri ya kutoa kurasa 67 hadi 104 ikiwa na chaguo hilo ni hii: `qpdf --empty --remove-unreferenced-resources=yes --pages kitita.pdf 67-104 -- 003.pdf`. Baada ya hapo, jaribu mwenyewe kukichopoa kipande kwa `mutool extract` ndani ya folda tupu na uangalie ni picha gani zinazotoka. Zikitoka za kurasa zile tu zilizomo, kipande ni salama kwa upande huo.

Wakati mwingine uzito ni wa haki, kwa kuwa kurasa ziliskaniwa kwa rangi na kwa msongamano mkubwa mno. Karatasi ya A4 ikiskaniwa kwa nukta 300 kwa inchi ina pikseli 2480 kwa 3508, yaani takriban milioni 8.7, ambazo kwa rangi kamili ni karibu MB 26 kabla ya kubanwa. Kwa nukta 600 kiasi hicho huongezeka mara nne. Barua iliyopigwa chapa haihitaji zaidi ya nukta 300 kwa rangi ya kijivu. Ramani ya kiwanja au hati yenye mwandiko hafifu, hiyo iache kama ilivyo.

Ukiamua kubana, fahamu unachokibana. Mnamo 2013 mtaalamu wa kompyuta wa Ujerumani, David Kriesel, alionyesha kwamba baadhi ya mashine za Xerox WorkCentre zilikuwa zikibadilisha tarakimu kwenye nyaraka zilizoskaniwa, kwa mfano 6 ikigeuka kuwa 8, kwa sababu ya mtindo wa ubanaji uitwao JBIG2 uliochukulia alama zinazofanana kuwa alama moja. Katika mkataba wa mkopo au taarifa ya benki, hilo ni jambo lisiloweza kuvumiliwa. JBIG2 ina namna isiyopoteza kitu na namna inayopoteza. Kwa nyaraka za kesi tumia ile isiyopoteza, na kama mipangilio ya programu haielezi inatumia ipi, usiitumie kubana.

Dalili: kipande kinaonyesha majina ya nyaraka zisizokuwemo

Ukifungua paneli ya alamisho katika kipande cha barua na kukuta "Maoni ya wakili kuhusu udhaifu wa utetezi", kichwa hicho kimevuja hata kama kukibofya hakukupeleki popote. Hii hutokea pale programu inapoichukulia faili asili kuwa msingi na kuondoa kurasa zisizotakiwa, huku mambo ya ngazi ya faili nzima, yaani alamisho, viambatisho, jina la mwandishi na kichwa cha waraka, yakibaki. Katika qpdf, neno `--empty` katika amri iliyotangulia ndilo linaloepusha jambo hili, kwa sababu huanza na faili tupu na kuingiza kurasa zilizotajwa tu. Katika programu nyingine, tafuta chaguo la kufuta alamisho na metadata (taarifa kuhusu faili, kama jina la mwandishi), kisha ufungue sifa za faili uone kama limefanya kazi.

Katika kundi hili pia yamo maandishi yaliyofunikwa kwa kisanduku cheusi. Kugawa hakuyaondoi. Teua eneo jeusi kwa kipanya, nakili, bandika kwenye waraka mtupu. Maneno yakitokea, hakuna kilichofichwa, na inabidi kurudi kwenye programu yenye uwezo wa kufuta maandishi yenyewe kabla kipande hakijatoka. Vivyo hivyo, ukurasa uliopunguzwa kingo bado una sehemu iliyokatwa, imefichwa tu.

Dalili: faili haifunguki, au programu inasema imeharibika

Mara nyingi faili imekatika njiani wakati wa kupakuliwa. PDF huhifadhi mwishoni mwake jedwali linaloonyesha kila kitu kiko wapi, kwa hiyo faili iliyokosa mkia imekosa ramani yake. Endesha `qpdf --check kitita.pdf` upate maelezo. Programu nyingi huweza kulijenga jedwali upya, na hapo ndipo tahadhari inapohitajika: faili iliyokatika ikikarabatiwa itafunguka vizuri ikiwa na kurasa zile tu zilizofika. Karani atafurahi kwamba imepona, kumbe kurasa 90 za mwisho hazimo. Linganisha idadi ya kurasa na orodha ya nyaraka iliyo mbele ya kitita, na ikiwa hazilingani, omba faili itumwe tena, ikibidi kwa diski mweko, pamoja na alama yake ya SHA-256 ili uweze kuilinganisha.

Dalili: programu inadai nywila, au sahihi ya dijitali imekuwa batili

Taarifa za benki na za M-Pesa mara nyingi hutumwa zikiwa zimefungwa, na zikiunganishwa ndani ya kitita bila kufunguliwa huleta hitilafu au kurasa tupu. Mwombe mteja nywila kwa maandishi, fungua taarifa kwa nywila hiyo, hifadhi nakala isiyo na kufuli kwa kazi ya ndani, na uiache ile iliyofungwa kama ilivyofika. Kuna pia faili zinazofunguka bila nywila lakini zinakataza kuchapisha au kutoa kurasa. Makatazo hayo yamewekwa na mwenye waraka, na hata kama ziko programu zinazoyapuuza, afisi ya wakili inapaswa kuomba idhini kwanza na kuihifadhi katika jalada.

Sahihi ya dijitali, kwa upande wake, haiwezi kunusurika mgawanyo. Huhesabiwa juu ya baiti za faili nzima iliyotiwa sahihi, na kipande chochote kitokacho humo ni faili nyingine. Programu ikionyesha kwamba sahihi ni batili katika kipande, haimaanishi waraka umeghushiwa. Waraka wenye sahihi ya namna hiyo usigawanywe wala kuunganishwa. Utolewe ukiwa mzima, na kipande cha kusomea kiandikwe wazi kwamba ni nakala ya kazi.

Dalili: kurasa zimelala, herufi zimegeuka visanduku, au umebaki ukurasa mmoja wa maelezo

Katika muundo wa PDF, ukurasa unaweza kurithi mambo manne kutoka kwa tawi lililo juu yake: rasilimali, vipimo vya karatasi, mipaka ya kukata na mwelekeo. Programu duni huchukua ukurasa na kuusahau urithi wake, na matokeo yake ni taarifa za fedha zilizolala ubavu au karatasi ya A3 iliyokatwa kulia. Usizungushe kurasa moja moja. Gawa upya kwa programu nyingine. Visanduku badala ya herufi hutokana na fonti zilizopotea kwa njia hiyo hiyo, au ambazo hazikuwekwa ndani ya faili tangu mwanzo, na hapo aliyeunda waraka ndiye anayepaswa kuutoa upya.

Ukigawa na kupata ukurasa mmoja tu unaokutaka usubiri au utumie programu nyingine, faili hiyo si ya kurasa za kawaida. Ama ni fomu ya mtindo wa XFA, ambayo kurasa zake huundwa na programu ya kusomea inapoifungua, ama ni mkoba wenye faili nyingine kama viambatisho. Fomu ifunguliwe kwa programu inayoielewa na ichapishwe upya kuwa PDF ya kawaida. Mkoba utolewe viambatisho vyake kimoja kimoja, na kila kimoja kiingizwe katika jedwali.

Dalili: neno unaloliona kwa macho halipatikani kwa kutafuta

Kurasa ni picha na hazina maandishi chini yake, au zinayo ila yalisomwa kwa lugha isiyofaa. Nyaraka za Nairobi zina Kiingereza na Kiswahili ndani ya kitita kimoja, wakati mwingine ndani ya taarifa moja ya shahidi, na programu iliyoambiwa isome Kiingereza pekee huyavuruga maneno ya Kiswahili. Tesseract, programu inayosoma maandishi yaliyo kwenye picha, inazitambua lugha zote mbili. Kupitia OCRmyPDF, programu inayoitumia Tesseract kuongeza maandishi hayo kwenye PDF, amri ni `ocrmypdf -l eng+swa --skip-text 003.pdf 003-soma.pdf`, na chaguo la mwisho huacha kurasa ambazo tayari zina maandishi. Maandishi haya ni ya kutafutia tu. Kiasi cha pesa au namba ya kiwanja isinukuliwe kutoka humo bila kutazama picha yenyewe.

Dalili: kompyuta inakwama, au tovuti ya kugawa faili inakata katikati

Nakili faili kutoka diski mweko hadi kwenye kompyuta kwanza, funga programu nyingine, na utumie programu ya amri kama qpdf badala ya kivinjari, maana haihitaji kuchora kila ukurasa ili kuutoa. Kuhusu tovuti zinazogawa faili bila malipo, msimamo wangu ni kwamba zisitumike kwa nyaraka za wateja hata siku ambayo kila kitu kingine kimekataa, wala kompyuta za saiba zisitumike. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahesabu hali ya afya, maelezo ya mali na ya familia kuwa data nyeti, na hayo ndiyo maudhui ya kesi nyingi za urithi, ndoa na ardhi. Data ikifikiwa na asiyeruhusiwa na kukawa na hatari halisi ya madhara, Kamishna wa Data anapaswa kuarifiwa ndani ya saa 72.

Tatizo dogo la majina ya faili: Windows haikubali mkwaju, kwa hiyo namba ya kesi yenye mikwaju iandikwe kwa vistari, na vipande vianze na 001, 002, 003 ili cha kumi kisitangulie cha pili. Majina yawe mafupi, kwa sababu folda ndani ya folda zikirefuka kupita herufi 260, baadhi ya programu hushindwa kuzifungua. Na kama barua pepe inakataa kipande cha MB 20 ilhali kikomo ni MB 25, kumbuka kwamba kiambatisho huongezeka takriban theluthi moja kinaposimbwa kwa ajili ya kutumwa.

Dalili: mpokeaji anadai kwamba kuna ukurasa uliokosekana

Usimjibu kwa kumtumia kipande upya kabla hujafungua jedwali. Tafuta mstari wa waraka huo, linganisha idadi ya kurasa iliyoandikwa na idadi iliyo katika kipande ulichotuma, kisha fungua faili asili kwenye nafasi hiyo hiyo. Ikiwa ukurasa haumo hata katika faili asili, upungufu ulianzia kwa aliyeskani, na alama ya SHA-256 uliyoiandika siku faili ilipopokelewa ndiyo inayokuwezesha kulisema hilo kwa uhakika. Ikiwa umo katika asili na haumo katika kipande, gawa upya, kipe kipande kipya jina lenye alama ya toleo la pili, na uwaarifu wote waliopokea la kwanza.

Jedwali hilo lihifadhiwe pamoja na jina la programu iliyotumika, toleo lake, kompyuta iliyotumika, tarehe na jina la aliyefanya kazi. Kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi kinataka cheti kinachoambatana na rekodi ya kielektroniki kitambulishe rekodi yenyewe, kieleze ilivyotolewa na kitaje kifaa kilichohusika, na mtu atakayetia sahihi cheti hicho miezi mingi baadaye atahitaji maelezo yaliyoandikwa siku ile ile kazi ilipofanyika.